Kipaji cha mtoto si duara la dhahabu

Jua likianza kushuka Masumbwe, malori yanayoelekea Rwanda na Burundi yakiwa bado yanapita barabara kuu, viwanja vya shule hujaa watoto. Mpira ni mmoja, wachezaji ni arobaini. Wachache wana viatu, wengi wako peku. Pembeni husimama wazazi wawili watatu, na ukiwaangalia vizuri utagundua kuwa ni wa aina mbili.

Wa kwanza amekuja na fimbo. Anamtafuta mwanawe katikati ya vumbi, na akimwona anauliza kwa sauti: "Ng'ombe nani kawarudisha?" Kwake mpira ni uvivu uliovaa bukta. Haujamlipia mtu michango ya shule wala haujajaza ghala.

Wa pili hana fimbo, ila kelele zake zinamshinda kocha. Mtoto akikosa bao, anashika kichwa. Akitoa pasi mbaya, anamtukana mbele ya wenzake. Mzazi huyu ameshapiga hesabu. Amesikia habari za wachezaji wanaonunuliwa kwa mamilioni, na kwake mtoto amekuwa kama duara: ukichimba bila kuchoka, ipo siku utaukuta mwamba wenye dhahabu.

Wazazi hawa wawili hawapatani, lakini kosa lao ni moja. Wote wanautazama mchezo wa mtoto kwa jicho la faida. Mmoja haoni faida, anaufuta. Mwingine anaona faida kubwa mno, mpaka hamwoni tena mtoto.

Madume mawili kwa safari ya Marekani

Chukua mfano wa familia moja. Kuna mapacha wa miaka 15, Kulwa na Doto, wote kidato cha pili. Kulwa ni wa kiume, golikipa. Doto ni wa kike, mrefu kuliko kaka yake, na ndiye mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Baba yao analima mpunga, ana ng'ombe saba, na siku nyingine hubahatisha kwenye karasha.

Siku ya mnada baba anakutana na kijana mtanashati mwenye simu mbili. Kijana anasema ana watu wake katika vyuo vya Marekani. Mtoto mwenye kipaji akichukuliwa, anasoma bure, anacheza na analipwa. Kinachotakiwa ni shilingi milioni mbili za "kufungua faili". Halafu Kulwa aache shule sasa hivi, aende kambini Dar es Salaam kusubiri viza.

Usiku huo mazungumzo nyumbani yanakwenda hivi.

"Mama Kulwa, nimewaza. Tuuze yale madume mawili."

"Ya nini tena, Baba Kulwa? Michango ya shule si tumeshatoa?"

"Si michango. Kuna mtu anampeleka Kulwa Marekani."

Mama anaacha kuchambua mchele. "Huyo mtu amemwona Kulwa akidaka?"

"Hajamwona. Nimemweleza tu."

"Kama hajamwona, mzigo anaoutaka ni ng'ombe, si Kulwa. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, Baba Kulwa."

Baba anakaa kimya. Mama anaongeza swali ambalo mumewe hakulitarajia: "Na Doto je?"

Ili kuyajibu maswali ya mama huyu, inabidi kujua michezo ya watoto na vyuo vya Marekani inakwendaje hasa. Na mfano unaoonyesha hali hiyo vizuri unatoka kwenye mchezo ambao Masumbwe hauchezwi kabisa: mpira wa magongo wa barafuni.

Mchezo wa barafu na wazazi wa alfajiri

Katika mchezo huu kila timu ina watu sita uwanjani, pamoja na golikipa. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu, wanateleza juu ya barafu, na wanapiga kwa magongo kisahani kigumu cha mpira. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Vifaa ni ghali, na uwanja wa barafu hukodiwa kwa saa. Ndiyo maana timu nyingi za watoto hupata zamu ya mazoezi alfajiri, na mzazi wa mchezaji wa miaka minane huamka gizani kumpeleka mwanawe uwanjani.

Mtu anayeamka hivyo kwa miaka kumi, akitoa fedha kila msimu, huanza kujiuliza atarudishiwa nini. Hapo ndipo wazazi wengi wa Marekani walipoangukia. Wakaanza kuhesabu ufadhili wa chuo kama mkulima anavyohesabu magunia ya mpunga ungali shambani.

Hesabu yenyewe haiwasaidii. Michezo ya vyuo vikuu nchini humo husimamiwa zaidi na chombo kiitwacho NCAA, chenye wanamichezo zaidi ya 500,000. Kwa maelezo ya chombo hicho chenyewe, kati ya wanafunzi 100 wanaocheza michezo sekondari, wapatao wawili tu ndio hupata ufadhili wa michezo wa aina fulani chuoni. Na "wa aina fulani" maana yake si lazima uwe wa kila kitu. Wengine hulipiwa nusu, wengine robo. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Hata Harvard na Yale, pamoja na umaarufu wao, hawatoi. Mwanafunzi mwenye shida husaidiwa kwa sababu ya hali ya kwao, si kwa sababu ya mabao yake.

Hao ni Wamarekani waliozaliwa hukohuko, wenye viwanja na makocha karibu. Mtu wa mnadani anayeahidi nafasi hiyo kwa mtoto ambaye hajawahi kumwona akicheza, anaahidi mvua ya mwaka kesho.

Mlango wao uko shuleni

Hii haina maana kwamba mlango haupo. Upo, na Watanzania wameshapita. La muhimu ni kujua uko upande gani.

Mwaka 1980 kulitokea mambo mawili yanayofaa kusimuliwa watoto. Februari, katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Lake Placid, timu ya Marekani ya magongo ya barafuni, iliyoundwa na vijana ambao wengi wao walitoka vyuoni, iliwafunga Wasovieti 4-3. Wasovieti walikuwa mabingwa waliozoeana kwa miaka, na karibu kila mtu aliwapa ushindi kabla ya mechi. Vijana wale waliendelea hadi kuchukua medali ya dhahabu.

Miezi michache baadaye, katika Olimpiki ya Moscow, Mtanzania Suleiman Nyambui alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na kuleta medali ya fedha. Nyambui alizaliwa Majita, mkoani Mara, huku huku Kanda ya Ziwa. Naye pia alikuwa mkimbiaji wa chuo cha Marekani: Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, ambako alitwaa mataji ya vyuo. Baadaye alishinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Alipozeeka miguu hakuzeeka kichwa. Alifundisha riadha na akawa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini.

Angalia umri wake. Alizaliwa mwaka 1953, kwa hiyo alipopanda jukwaani Moscow alikuwa na miaka 27. Hakuwa mtoto aliyeng'olewa darasani akiwa na miaka 15.

Mwingine ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wazazi wengine husema mtoto ameshachelewa. Alisoma sekondari Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, na mwaka huo 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mwili wake, zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, ulimsaidia. Lakini mguu wa kwanza aliuweka kwenye geti la shule.

Kanuni zenyewe zinasema hivyo. Ili mwanafunzi acheze katika daraja la kwanza la NCAA, lazima awe amefaulu masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwamo Kiingereza, hisabati na sayansi, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo chao cha 4. Anayetoka nje hukaguliwa vyeti na matokeo ya mitihani ya nchi yake. Akishaingia chuoni, matokeo yake yakianguka anaweza kuzuiwa kucheza hata kama ndiye tegemeo la timu.

Sasa rudi kwa yule kijana wa mnadani. Anamtaka Kulwa aache shule ili aende kucheza chuoni. Ni sawa na mtu anayekuuzia ufunguo huku akiubomoa mlango. Mzazi akikumbuka jambo moja tu katika makala hii, na likumbukwe hili: mtu yeyote anayesema mtoto aache shule ili apate nafasi ya chuo, hajui vyuo vinavyofanya kazi au anajua na anadanganya.

Maswali kabla ya kutoa hata senti

Utapeli wa aina hii hauli fedha tu. Unaweza kula mtoto. Kuna vijana katika nchi nyingi za Afrika walioondoka nyumbani kwa ahadi ya timu, wakaachwa katika mji wasioujua, bila nauli ya kurudi. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza, na mtu mkweli hakasiriki akiulizwa.

La kwanza, chuo gani? Kila chuo kina jina, tovuti na idara ya michezo. Mwombe mwalimu akusaidie kutafuta. Kocha wa chuo anayemtaka mwanao huandika kwa anwani ya chuo, na hukubali kuzungumza na mzazi.

La pili, nani amemwona mtoto akicheza? Kocha makini hutaka kuona mechi, au hata video iliyorekodiwa kwa simu. Asiyetaka kuona chochote hatafuti mchezaji.

La tatu, fedha zinakwenda wapi? Usajili wa NCAA una ada yake, inayolipwa kwa chombo chenyewe. Viza huombwa ubalozini. Hakuna chuo kinachotuma mtu mnadani kukusanya fedha taslimu au kutumiwa kwa simu kwa jina la mtu binafsi.

La nne, mtoto ana miaka mingapi? Kwa upande wa soka, sheria za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Anayekuambia kijana wa miaka 15 anasainishwa ng'ambo wiki ijayo anakupeleka pabaya.

La tano, kwa nini haraka? "Nafasi ni moja, leo ndiyo mwisho" ni maneno ya matapeli wa kila biashara, kuanzia viwanja hadi mawe ya dhahabu. Waliozoea machimbo wanawajua watu hawa. Hakuna mchimbaji anayenunua mawe bila kuyapima. Kwa nini mtoto awe rahisi kuliko jiwe?

Ukiona dalili mbaya, toa taarifa kwa mtendaji, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na kumchukua mtoto kwa ahadi za uongo ili atumikishwe ni jambo ambalo sheria hiyo inalihusu.

Wenye mchezo walipojisahihisha

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa Wamarekani, nalo ni namna walivyokiri makosa. Kwa miaka mingi, watoto wa magongo ya barafuni walichezeshwa kama watu wazima wadogo: uwanja mzima, mashindano ya kitaifa na kugongana miili kwa nguvu. Wazazi walipenda. Waliona ni njia ya kuwakomaza.

Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa majimbo mawili ya Kanada. Alberta iliruhusu kugongana miili katika umri huo, Quebec haikuruhusu. Watoto wa Alberta walikuwa na hatari ya kuumia, pamoja na mtikisiko wa ubongo, zaidi ya mara tatu. Mwaka uliofuata, 2011, chama cha USA Hockey kiliondoa ruhusa ya kugongana miili kwenye timu za watoto wa umri huo na kuisogeza mbele hadi umri unaofuata.

Chama hicho pia kilikuwa kimeanzisha mwaka 2009 mpango mpya wa kukuza watoto. Wadogo wa miaka minane kushuka chini huchezea kipande cha uwanja badala ya uwanja mzima, ili kila mmoja aguse kisahani mara nyingi. Wanahimizwa kucheza michezo mbalimbali, si mmoja mwaka mzima. Kushinda kombe kumewekwa nyuma ya kujifunza na kufurahia.

Mzazi wa Masumbwe hana barafu, ila ana mambo yaleyale. Mtoto wa darasa la tatu hahitaji goli la watu wazima. Mawe mawili na uwanja mdogo vinamtosha, na ataugusa mpira mara nyingi zaidi. Mtoto aliyegongwa kichwa, akaona kizunguzungu au akatapika, atoke uwanjani na apelekwe kituo cha afya. Asirudishwe kucheza siku hiyo hata kama ni fainali. Mtoto anayelalamika goti linauma kila siku hajifanyi. Apumzike. Na anayecheza mpira Jumatatu akaruka kamba Jumanne na kukimbia Jumatano hapotezi muda. Anajenga mwili.

Furaha ya Nairobi

Kama kuna mtu anadhani mchezo usio na faida hauna maana, na asikie habari za Nairobi. Kwenye Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko viwanja rasmi. Hapo ndipo vijana wa Kenya walipojifunza magongo ya barafuni na kuunda timu ya Ice Lions. Saa za barafu ni ghali, kwa hiyo siku nyingine walifanya mazoezi kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari.

Kwa muda mrefu hawakuwa na wa kucheza naye. Hakukuwa na timu nyingine ya kuwakabili. Wakaendelea. Mwaka 2018 kampuni moja ya Kanada iliwapeleka huko, wakapewa jezi kamili na kucheza mechi pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Hakuna aliyewaahidi hayo walipoanza. Waliupenda mchezo, wakafundishana, wakawavuta na watoto wadogo. Mengine yalikuja yenyewe.

Faida iliyo karibu na nyumbani

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, faida ya kwanza ya mchezo wala haiko Marekani. Iko hapa. Kila mzazi anajua jinsi machimbo yanavyovuta watoto. Mtoto huanza kwa kuchota maji, kesho anasukuma mawe, keshokutwa anashika zebaki kwa mikono mitupu, na mwezi unaofuata jina lake halijibiwi tena darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi za hatari, na machimbo yamo. Lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila duara.

Timu ya shule inaweza kusaidia mahali ambapo sheria haifiki. Mtoto mwenye mazoezi saa kumi jioni ana sababu ya kuwapo shuleni saa mbili asubuhi, hasa mwalimu akiweka kanuni rahisi: asiyekuja darasani hachezi. Ana kundi linalomtafuta asipoonekana. Ana mwalimu anayemjua kwa jina. Anajifunza kufungwa bila kupigana, na kushinda bila kudharau.

Kuna na ngazi za kupanda zisizohitaji kuuza ng'ombe. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni, ikapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Huko ndiko wanakotazama wenye macho ya kutafuta vipaji. Mwalimu wa michezo ndiye wakala wa kwanza wa mtoto, na hadai milioni mbili. Kwa kijana anayependa kufundisha michezo, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, si mbali. Na kwa wanaodhani kanda hii haitoi wachezaji, wakumbuke msimu wa 2021/22: Geita Gold, ikiwa imepanda ligi kuu msimu huohuo, ilimaliza ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17.

Lile swali la Doto

Mama Kulwa aliuliza kuhusu Doto, na swali lake ni zito kuliko anavyojua. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kumbagua mwanafunzi kwa jinsia yake. Ndiyo iliyovilazimisha vyuo kuwapa wasichana timu, viwanja na ufadhili. Kwa hiyo, kama kuna mtoto katika nyumba ile ambaye mlango wa Marekani unaweza kumfaa, si lazima awe Kulwa.

Netiboli si mchezo wa vyuo vya huko, lakini kikapu ni mchezo mkubwa, na msichana mrefu anayejua kutumbukiza mpira kwenye duara la chuma ameshaanza kukijua. Mwalimu angeweza kumjaribisha. Ila mpaka leo hakuna mtu nyumbani aliyekwenda kumtazama Doto akicheza hata mara moja. Jioni Kulwa akiwa uwanjani, Doto anatoka mazoezini mapema kuchota maji na kupika. Wakigawana kazi, hata ndoo mbili tu, wote wawili watapata muda wa mazoezi na wa daftari.

Njia ya kurudi nyumbani

Tumalizie mfano wetu. Asubuhi ile baba anapita shuleni kumwona mwalimu wa michezo. Mwalimu anamsikiliza, kisha anasema: "Mzee, mpigie huyo bwana hapahapa. Muulize chuo gani, na kocha anaitwa nani."

Baba anapiga. Upande wa pili kijana anasema mambo hayo ni ya siri, halafu nafasi haisubiri, kuna mzazi mwingine wa Ushirombo ameshaleta fedha.

"Basi mpe huyo wa Ushirombo," anasema baba, na kukata simu. Hajaiweka mfukoni, anageuka kwa mwalimu. "Mwalimu, huyo wa Ushirombo naye si atalizwa?" Wanaandika namba ya simu ile na kuipeleka kwa mtendaji.

Jumamosi baba anakwenda uwanjani. Amekwenda bila fimbo, na amejiambia hatapiga kelele. Kulwa anafungwa mawili. La pili ni la kizembe, kila mtu ameliona.

Walimu wa michezo ya watoto Marekani huwaambia wazazi kuwa dakika mbaya kuliko zote kwa mchezaji mdogo ni zile za kurudi nyumbani baada ya kufungwa, mzazi anapoanza kuichambua mechi. Mtoto amechoka, ameaibika, na hana pa kukimbilia. Huwashauri wazazi waseme jambo moja tu: kwamba walifurahi kumwona akicheza. Mengine wamwachie kocha.

Baba wa mfano wetu hajasoma ushauri huo. Anasukuma baiskeli, mwanawe anatembea pembeni, na maneno yamemjaa mdomoni. Anayameza. Wanafika kwa muuza miwa, ananunua vipande viwili.

"Umecheza vizuri leo, baba," anamwambia mwanawe, kama wazazi wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Kulwa anatafuna kimya. Wakikaribia nyumbani ndipo anasema mwenyewe: "Lile la pili nilichelewa kutoka golini."

"Nililiona."

"Jumatatu nitamwomba mwalimu anifundishe kutoka."

Nyumbani madume mawili yako zizini. Doto anapepea moto wa kuni, ndoo ziko tupu. Kulwa anazichukua bila kuambiwa, au labda mama amemtazama tu. Baba anaketi kwenye kigoda na kumuuliza binti yake swali ambalo hajawahi kumuuliza.

"Doto, nyinyi mnacheza lini?"

"Jumatano, baba. Saa kumi."

"Jumatano nitakuja."